Kwaya Nyuma ya Vilima vya Pugu

Kwaya, kwa maana inayotumika Tanzania, ni kundi la waimbaji wasiolipwa wanaokutana siku maalumu kujifunza nyimbo na kuziimba kwa sauti zaidi ya moja, kwa kawaida nne, na ambao nje ya uimbaji hushirikiana katika harusi, maradhi na misiba ya wenzao. Nusu ya pili ya maelezo haya haimo katika kamusi nyingi, lakini bila hiyo historia ya kwaya haieleweki. Chanika, kata ya Wilaya ya Ilala iliyo zaidi ya kilomita 25 kutoka katikati ya Dar es Salaam, haina kwaya zenye majina makubwa. Umuhimu wake uko kwingine. Katika ukanda huu wa Pugu, Kisarawe na Chanika uimbaji wa kanisani ulifika mapema, ukavunjwa ndani ya muda mfupi, ukarudi kidogo kidogo, kisha ukashamiri karne moja baadaye, safari hii ukiletwa na watu waliohamia kutoka mikoa mingine wakiwa wamefunga nyimbo zao pamoja na vyombo vya ndani.

Nchi hiyo ni Uzaramo. Kabla ya kitabu chochote cha nyimbo kufika, Wazaramo walikuwa wakiimba katika unyago, matanga, kilimo na uganga, na utaratibu ulikuwa ule unaojulikana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na ngoma hushikilia mwendo. Katika mdundiko kundi zima hutembea mitaani likiimba, na anayetoka nje kutazama hujikuta amekwisha ingia. Uislamu ulipoenea kutoka pwani ulileta maulidi na kaswida, vijana wa madrasa wakiimba pamoja kwa dufu. Kwa hiyo wageni walioleta kwaya hawakukuta watu wasiojua kuimba kwa pamoja. Walikuta watu walioimba pamoja kila siku, lakini hawakuwa na desturi ya kukaa kimya kwenye viti wakisikiliza wachache.

Wa kwanza kufika vilimani walikuwa Wabenediktini wa St. Ottilien, Bavaria, waliofungua misheni Pugu mwaka 1888. Kwa shirika hilo kuimba ni sehemu ya kazi ya siku. Saa za sala huimbwa, nyingi kwa nyimbo za Kigregori zenye sauti moja tu, kwa Kilatini. Nyimbo hizo hazikudumu Pugu. Mwaka 1888 ndio Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotaka kutawala pwani, na Abushiri bin Salim na wenzake wakainuka kuipinga. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa na kuharibiwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa na wengine wakatekwa. Waliosalimika hawakujenga tena hapo. Wabenediktini walihamishia nguvu zao mjini, ambako Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa kati ya 1897 na 1902, na kusini, walikoanzisha Peramiho mwaka 1898. Wimbo wa kanisani ukawa umeanza na kukoma Pugu katika muda usiotosha hata kukomaza muhogo wa msimu wa pili.

Walutheri walidumu zaidi. Johann Jakob Greiner, mmisionari wa kwanza wa shirika lililojulikana kama Berlin III, alifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1892 akafungua kituo Kisarawe. Maneromango ilifuata mwaka 1895. Waliobatizwa walikuwa wachache, maana Uzaramo iliendelea kuwa nchi ya Waislamu, lakini katika vituo hivyo viwili ulijengeka mfumo ambao kwaya zimeurithi. Shule na kanisa vilikuwa chini ya paa moja, na mwalimu wa shule ndiye aliyeanzisha nyimbo za Jumapili. Ndiyo maana hadi leo kiongozi wa kwaya Tanzania huitwa mwalimu, hata kama kazi yake ya kila siku ni kushona nguo au kuendesha bajaji.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za Kijerumani zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na hapo palikuwa na tatizo ambalo halijaisha. Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tenzi nyingi za Kijerumani huishia kwenye silabi nzito, ile ya mwisho kabisa ya mstari. Mfasiri akiweka neno kama “Bwana” au “mbingu” mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, mkazo wa muziki huangukia mahali ambapo ulimi wa Mswahili hauukazi, na neno hugeuka kama limetamkwa na mtu aliyeshuka melini jana. Mistari mifupi nayo iliminya maneno, maana Kiswahili huhitaji silabi nyingi kusema jambo ambalo Kijerumani hulisema kwa mbili. Wafasiri walikata viambishi, wakapindua mpangilio wa sentensi, wakabuni Kiswahili cha kanisani ambacho hakisemwi popote pengine. Waumini walikizoea, wakakipenda, na anayejaribu kukisahihisha leo hupata upinzani mkali kutoka kwa wazee wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, Waingereza wakatawala Tanganyika, na jimbo la Dar es Salaam la Wakatoliki likakabidhiwa Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921. Katika shule na vyuo vya ualimu vya wakati huo ilisambaa sol-fa, namna ya kuandika muziki kwa herufi badala ya nota zilizopangwa kwenye mistari. Ilitokana na kazi ya Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, na ikaenezwa katikati ya karne ya 19 na mchungaji John Curwen, aliyetaka wafanyakazi na watoto wasio na piano waweze kusoma muziki. Herufi ya d husimama badala ya do, r badala ya re, m badala ya mi, hadi t, na alama za nukta na nukta pacha huonyesha muda. Do inaweza kuwekwa popote, juu au chini kadiri koo za waimbaji zinavyoruhusu.

Ni vigumu kukuza kupita kiasi mchango wa herufi hizo saba. Muziki wa mistari ulihitaji karatasi maalumu na mchapaji mwenye vifaa. Sol-fa ilihitaji ubao na chaki. Mwalimu aliyejifunza wimbo chuoni aliweza kuunakili kwenye daftari la hesabu, akarudi kijijini, akauandika ubaoni sauti zote nne, na jioni ya tatu watu waliokuwa hawajawahi kuona kinanda wakawa wanaimba soprano, alto, tena na besi. Madaftari ya namna hiyo, yenye nyimbo zilizonakiliwa kutoka madaftari mengine, ndiyo yaliyokuwa maktaba ya kwaya za Tanganyika kwa miaka mingi. Makosa ya mnakili mmoja yaliweza kuzaa namna mpya ya kuimba wimbo katika wilaya nzima.

Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa na vyama vingine vya burudani ambavyo kwaya haikuvitaja lakini ilifanana navyo. Beni, ngoma iliyochipuka pwani katika miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilikuwa na pande mbili kubwa, Marini na Arinoti, zilizoshindana kwa sare, vyeo na nyimbo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975, alionyesha kwamba nyuma ya gwaride hizo kulikuwa na jambo zito: wanachama walisaidiana katika ugonjwa na kuzikana mjini, mahali ambapo wengi hawakuwa na ukoo. Zanzibar, klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliendeshwa na wapenzi wa muziki waliokuwa na riziki zao kwingine. Ukilinganisha vyama hivyo na kwaya ya leo, yenye mwenyekiti, katibu, mhazini, ada ya mwezi, sare na faini ya kuchelewa, unaona kwamba wamisionari walileta nyimbo, lakini chama kilikuwa na mizizi iliyokwisha shika pwani. Gregory Barz, mtafiti wa Kimarekani aliyezichunguza kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam katika miaka ya 1990, alizieleza kwa namna inayokaribiana na hiyo, kama jumuiya ndogo zinazojitawala ndani ya kanisa.

Mashindano nayo yalifuata. Kwaya za sharika hukutanishwa zikaimba wimbo mmoja uliopangwa kwa wote na mwingine wa kuchagua, mbele ya majaji wanaotoa alama kwa usahihi wa sauti, matamshi, mavazi na mwenendo jukwaani. Viongozi wa dini husisitiza kwamba lengo ni kumtukuza Mungu. Kwaya iliyoshika nafasi ya pili kwa tofauti ya alama moja huwa na maoni yake.

Wimbo mmoja mashuhuri katika urithi huu si wa kanisa tena. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga “Nkosi Sikelel’ iAfrika” mwaka 1897 kwa ajili ya wanafunzi wake. Kutoka kwaya hadi kwaya ulisafiri kuelekea kaskazini, na Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, muziki huo ukawa wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili. Kila mtoto wa shule Tanzania, wa dini yoyote, huanza siku kwa kuimba kazi ya mwalimu wa kwaya, ingawa wengi huiimba kwa sauti moja.

Serikali mpya iliona haraka kwamba kwaya ni chombo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule, vyuo, viwanda na majeshi vilikuwa na kwaya za kuimba Ujamaa, kilimo na umoja, na Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirusha hewani. Mtu aliyekwisha jifunza sauti nne kanisani hakuhitaji mafunzo mapya, maneno tu ndiyo yaliyobadilika. Kutoka mkondo huu alitokea Kapteni John Komba, ambaye sauti yake nzito na kundi lake la Tanzania One Theatre vilitawala mikutano ya Chama Cha Mapinduzi hadi kifo chake mwaka 2015. Nyimbo zake za maombolezo wakati wa msiba wa Julius Nyerere, Oktoba 1999, zilipigwa redioni siku nzima, na watu wazima wengi bado hushindwa kuzisikia bila kunyamaza. Nyerere mwenyewe alikuwa amefundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, hadi 1955, enzi ambazo Misa ilikuwa bado ikiimbwa kwa Kilatini.

Kilatini kilianza kuondoka baada ya tarehe 4 Desemba 1963, siku Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipopitisha hati yake ya liturujia, iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa wenyeji. Mlango ulikuwa tayari umesukumwa. Kamina, Katanga, waimbaji wa Kongo walikuwa wameimba Missa Luba, Misa yenye mitindo ya muziki wa kwao, mwaka 1958. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa Wakatoliki matokeo yalikuwa ya ghafla. Kwaya zilizokuwa na hazina ya Kilatini ya karne nyingi zilijikuta zinahitaji nyimbo za Kiswahili za mwanzo, za matoleo, za komunyo, kwa kila Jumapili ya mwaka. Uhaba huo ndio uliozaa watunzi wengi wa Kikatoliki wa Tanzania, wengi wao wakiwa walimu wa kwaya waliotunga Alhamisi wimbo wa kuimbwa Jumapili.

Kwa Walutheri, ambao makanisa yao saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, mabadiliko yalitoka chuo cha theolojia cha Makumira, karibu na Arusha. Mmisionari wa Kimarekani Howard Olson aliwahimiza wanafunzi wake wachukue tuni za makabila yao na kuzitia maneno ya Kikristo, na mwaka 1968 mkusanyo wa nyimbo hizo ulitoka kwa jina la Tumshangilie Mungu. Humo zimo kazi za wachungaji wawili wa Kihaya za mwaka 1966: wimbo wa Roho Mtakatifu wa Wilson Niwagila, na wimbo wa Pasaka wa Bernard Kyamanywa, “Mfurahini, Haleluya”. Huu wa pili ulifasiriwa kwa Kijerumani na sasa ni namba 116 katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Tuni ya Kihaya huimbwa na kwaya za Berlin kwa maneno ya Kijerumani, na huenda wafasiri wa huko walipata taabu ileile ya mikazo waliyoipata wenzao wa Kisarawe.

Kilichofuata kilikuja na umeme. Kuanzia miaka ya 1980 kanda za kaseti ziliwezesha kwaya ya mbali kusikika nchi nzima. Mfano unaokumbukwa ni Ulyankulu, Tabora, makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, yaliyopangwa kwa barabara zenye namba. Kwaya ya Barabara ya 13 ilibeba namba hiyo hadi kwenye maduka ya kanda ya Kariakoo. Mwanza ilikuwa na kwaya ya AIC (Africa Inland Church) Makongoro, na Dar es Salaam ikawa na Kwaya ya Uinjilisti ya Kijitonyama na AIC Chang’ombe ya Temeke, ambako baadaye ilitokea Neema Gospel Choir. Gitaa, besi na drams ziliingia, mwendo ukachukua ladha ya dansi na rumba, na waimbaji walioambiwa na wamisionari wasimame wima wakaanza kucheza kwa hatua zilizopangwa. Redio za binafsi na televisheni, zilizoruhusiwa katika miaka ya 1990, zilifanya video kuwa ya lazima.

Hapo ulizuka mgawanyiko ambao kila mwanakwaya anaufahamu. Upande mmoja ni kwaya za nota, zinazosoma sol-fa au mistari, zinazoheshimu kinanda na kuimba kazi ngumu za sauti nne. Upande wa pili ni kwaya zinazojifunza kwa kusikia, zikitegemea vyombo na kiitikio kinachoshika upesi. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa wapiga kelele, nao huonwa kuwa wanaimba vitabu. Ukweli ni kwamba mtu mmoja huweza kuwa katika kwaya kuu asubuhi na kwaya ya uinjilisti mchana, na koo lake halilalamiki. Hata hivyo hasara ipo: kwaya isiyosoma hutegemea kumbukumbu ya mwalimu wake, na mwalimu akihama, nyimbo zake huondoka naye.

Ndipo historia inarudi Chanika. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam, ya 2012 zaidi ya milioni 4.3, na ya 2022 karibu milioni 5.4. Ongezeko hilo halikutosha katikati ya mji. Liliifuata barabara ya Pugu, likapita Gongo la Mboto, na likageuza mashamba ya mikorosho na miembe ya Chanika, Buyuni na Zingiziwa kuwa viwanja. Waliokuja kujenga walikuwa na asili za Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Ruvuma, Mwanza, mahali ambapo misheni zilishika kuliko Uzaramo. Mhaya aliyekulia kwenye nyimbo za Kihaya na Mngoni aliyelelewa na Peramiho walijikuta benchi moja, na Kiswahili pekee kikiwa lugha yao ya pamoja.

Namna kwaya inavyozaliwa katika vitongoji kama hivyo hurudiwa mno. Familia chache za Kikatoliki huanza na jumuiya ndogondogo inayosali nyumba kwa nyumba, ikikua huwa kigango, kisha parokia. Kwa Walutheri ni mtaa kisha usharika. Ibada huanzia chini ya mwembe au kwenye banda la mabati, na kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa kwaya huwa imekwisha kuwepo, maana ibada inawezekana bila ukuta lakini haiwezekani bila mtu wa kuanzisha wimbo. Mara nyingi kwaya hiyo ndiyo inayochangisha fedha za jengo. Uzinduzi wa albamu humleta mgeni rasmi, ambaye hununua nakala ya kwanza kwa bei isiyo na uhusiano wowote na nakala hiyo.

Mazoezi hupangwa na barabara. Mtu anayefanya kazi Kariakoo au Posta hufika Chanika usiku umeingia, kwa hiyo zoezi la saa kumi na moja huanza na wanawake wa sokoni, wanafunzi na mafundi wa hapohapo, na sauti za tena na besi hukamilika daladala za mwisho zikifika. Mwalimu hutoa do, kila sauti hupitishwa peke yake, kisha sauti huunganishwa mbili mbili. Soprano, ambao kwa kawaida ndio wengi, hungoja wakinung’unika huku besi wakirudia mstari mmoja mara kumi. Mvua ikipiga bati kila kitu husimama. Kalenda ina vilele vyake: Pasaka, Krismasi, mavuno, na kwa Wakatoliki tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki.

Kazi nzito zaidi haimo katika kalenda. Mwanakwaya akifiwa, kwaya huenda. Daftari la rambirambi hupita, Coaster hukodiwa ikiwa maziko ni mbali, na sare hufuliwa usiku. Marehemu akiwa mwanakwaya mwenyewe, wenzake humwimbia mkeshani na kaburini, mara nyingi bila vyombo. Majirani Waislamu hukaa kwenye mikeka ileile, na siku ya maulidi yao vijana wa kaswida hupita na dufu wakiwa nao wamevaa sare, wana kiongozi wao, na wana kundi la mtaa wa pili wanalotaka kulishinda.

Daftari la sol-fa limeanza kuhamia kwenye simu. Tovuti ya Swahili Music Notes imeweka wazi maelfu ya nyimbo za Kikatoliki, na wimbo uliotungwa Moshi unaweza kuimbwa Chanika wiki hiyohiyo. Mkondo unakwenda hata upande wa pili: “Baba Yetu”, Sala ya Bwana kwa Kiswahili iliyotiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin mwaka 2005 kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2011 na sasa huimbwa na kwaya za ridhaa duniani zisizojua neno jingine la Kiswahili. Kwa kwaya za pembezoni mwa jiji, badiliko kubwa ni dogo zaidi kwa sura. Mwalimu hurekodi kila sauti peke yake kwenye simu na kuituma katika kundi la WhatsApp, na besi aliyekwama kwenye foleni ya Gongo la Mboto hujifunza mstari wake kwa spika za masikioni, akiimba kwa kubana midomo ili abiria wa jirani asimshangae. Akifika, kazi inayobaki ni kuunganisha.